Kadi ya Ekisa

Kocholya, Malaba
Jumapili baada ya ibada

Makomredi wangu wa damu na wa ndoa, kaka Omuse na shemeji Edinah,

Yoga noi. Nawasalimu kwa jina la mapambano yetu sote: ya kupata karo, ya kulipa kodi ya nyumba, ya kuinuka kitandani kesho yake na kuanza tena. Ni matumaini yangu kwamba waraka huu utawakuta wazima huko Changamwe, kwamba kifua cha mtoto kimetulia, na kwamba wewe, kaka, bado unapata zamu bandarini. Sisi huku tunaendelea. Mama ni mzima sasa, na hilo neno "sasa" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi mwenyewe nimechoka. Muhula mzima nimesimama juu ya meza za kantini kupinga nyongeza ya karo, mpaka sauti ikanikauka na daktari wa chuo akaniamuru ninyamaze kwa wiki mbili. Sikunyamaza. Nimerudi nyumbani sauti ikiwa kama ya mlango mbovu, na hata hapa hakuna utulivu: foleni ya malori imetoka mpakani ikapita kanisa, injini zinanguruma tangu alfajiri, na kuku wa Mama wamezoea kulala chini ya matrela. Lakini uchovu ninaotaka kuwasimulia haukutoka chuoni wala kwenye malori. Nimeutoa melini, mahali ambapo watu hulipa ili wapumzike.

Mtauliza kwa nini nisipige simu, au nisiandike katika kundi letu la WhatsApp. Katika kundi yumo shemeji Oduori, na kwa simu kuta za nyumba hii husikia. Barua nimemkabidhi Egwang, yule dereva wa lori aliyesoma na Omuse darasa la nane. Msimpe pesa, mpeni chai.

Mnakumbuka safari ilivyoanza. Shemeji Oduori, mume wa dada yetu Petronilla, alipata mwaka mzuri katika kazi yake ya kutoa mizigo forodhani pale Busia, akasema haongezi ghorofa yoyote kabla hajamshukuru mama aliyemzalia mke. Akatulipia siku nne katika ile meli ya kitalii inayotoka Kisumu, ikazunguka visiwa vya Uganda, ikateremka mpaka Mwanza na kurudi. Nyinyi mlinyimwa ruhusa kazini. Tulikwenda Oduori na Petronilla na mapacha wao, Mama, mdogo wetu Ekisa, na mimi.

Haki ya mtu apewe: Oduori aliipanga safari kwa heshima. Kwao Funyula, kama kwetu Wateso, mkwe na mama mkwe hawakaribiani ovyo, na alilikumbuka hilo. Alimtafutia Mama chumba chake peke yake, mwisho kabisa wa meli, sakafu ya juu, mbali na chumba alicholala yeye na mkewe. Petronilla aliniambia kwamba mumewe alimpigia wakala simu mara nyingi kwa ajili ya chumba hicho, hadi wakala akauliza kama mama huyo ana ugonjwa wa kuambukiza.

Sasa sikilizeni habari ya kadi. Melini hakuna anayeshika noti. Kila abiria hupewa kadi ya plastiki, ile ile inayofungua mlango wa chumba. Chakula cha ukumbini kimeshalipiwa, lakini kingine chochote unachonunua, soda, picha, kofia, michezo, vyakula vya mgahawa mdogo wa juu, huandikwa kwenye kadi, na siku ya kushuka bili yote humwangukia aliyelipia safari. Nilipoelezwa hayo nilitangaza pale pale foleni ya kuingia kwamba huo ni mtego uliobuniwa ili mtu anunue bila kuiona pesa ikimtoka mfukoni. Mzungu mmoja mzee aliyekuwa nyuma yetu akanipigia makofi, ingawa sidhani alielewa neno.

Oduori aliniita kando. Alisema amemwekea Ekisa kiwango katika kadi yake, si kikubwa wala si cha kumdhalilisha. Ekisa ana miaka kumi na tisa. Chuo cha ufundi kimemkubali kusomea umeme, na mwezi wa tisa anatakiwa aripoti na karo mkononi. Oduori alikuwa tayari kulipa karo hiyo, miaka yote mitatu. Ila kwanza alitaka kuona kijana akiachiwa pesa isiyoshikika atafanya nini nayo. Kadi ile ilikuwa mtihani wake wa kuingia chuoni, na mimi nilikuwa msimamizi: ningeweza kwenda kaunta wakati wowote, nikatazama matumizi yake, na nikiona yamezidi, nikaifunga. Akacheka, akaniuliza kama si mimi ninayewasumbua wakubwa wa vyuo kuhusu uwajibikaji. Basi nianzie nyumbani.

Nilikubali, kaka, na nilikubali kwa fahari. Ni nani kati yetu asiyejua kwamba karo ya Ekisa ndiyo mzigo uliobaki juu ya mgongo wa Mama? Nikamketisha kijana juu ya sitaha, upepo ukitupiga, nikamhutubia juu ya tabaka na tamaa, juu ya vijana wanaotumia leo mshahara wa miaka ijayo. Alinisikiliza akitafuna njugu. Nilipovuta pumzi akauliza, "Dada, hii ni meli ama ni bunge?" Nikamjibu kwamba bunge husinzia, mimi sisinzii. "Sawa, mheshimiwa spika," akasema. "Basi naomba ruhusa niende msalani."

Mlo wa kwanza ulikuwa chakula cha jioni cha siku tuliyopanda. Ukumbi ule ni mkubwa, una taa za kung'aa na vioo vya ukutani pande zote, sijui ili uonekane mpana zaidi. Oduori alikuwa amemwagizia Mama kiti katika meza ya mbali, amtazame mtu yeyote isipokuwa yeye. Mama akaingia amevaa gauni lake la Mothers' Union na kitambaa kipya, akakaa, akainua macho mara moja, kisha akajifunika mdomo kwa ncha ya kitambaa, akainuka na kutoka. Petronilla alimfuata na mapacha wakilia kiunoni. Alirudi akisema Mama anasumbuliwa na mtikisiko wa meli, na kwamba atakuwa akiletewa chakula chumbani. Tukasema pole, tukaendelea kula. Nilikula samaki mzima siku hiyo.

Siku ya pili nikaenda kaunta kutazama kadi ya Ekisa. Chai ya maziwa na chapati, mgahawa wa juu. Kuku na viazi, mgahawa wa juu. Chai tena, mayai, ndizi. Nikashangaa, kwa sababu kijana huyu nilikuwa nakula naye ukumbini, na mnajua anavyokula, kama mtu aliyeambiwa kesho chakula kitapigwa marufuku. Nikamuuliza. Akasema ni njaa ya meli. Nikamuuliza njaa gani hiyo inayokula mara mbili. Akainua mabega.

Kulikuwa na kundi la wanafunzi kutoka Jinja, na kati yao msichana mmoja anayeitwa Vivianne, mcheshi, ambaye Ekisa alikuwa amepiga naye picha. Kisha mmoja wa wahudumu akaniambia kwamba amemwona ndugu yangu akipita ushorobani na sahani iliyofunikwa. Ushahidi ukanitosha. Nikambana kando ya ngazi na kumwambia kwamba anamlisha mtoto wa watu kwa jasho la shemeji. Hakukana. Aliniuliza kama huyo anayelishwa ana haki ya kula au hana. Nami, makomredi, mimi niliyeandika neno "HAKI" kwa rangi nyekundu kwenye shuka zangu mbili za kulalia na kuzipeleka kwenye maandamano, nikamjibu kwamba haki haili kwa kadi ya mtu mwingine. Akasema, "Sawa, dada." Alipanda ngazi, na jioni hiyo kadi ikaandikwa pilau.

Asubuhi ya siku ya tatu, tulipokuwa mezani kwa kiamshakinywa, nilisimama. Nasema nilisimama kwa sababu sijui kusema jambo zito nikiwa nimekaa. Nikatoa ripoti mbele ya Oduori, Petronilla, mapacha na mhudumu aliyekuwa anamimina chai. Nilisema nimepewa dhamana na sitaificha familia ukweli kwa sababu ya undugu. Kwamba kijana amekiuka kiwango kwa kununua vyakula ambavyo tayari amelipiwa, na kwamba anavipeleka kwa mtu asiyetaka kumtaja. Nilizungumza vizuri sana, kaka. Sauti ilikuwa imerudi.

Oduori aliweka uma chini. Akamuuliza Ekisa kama ni kweli. Ekisa akasema ni kweli. Akaulizwa chakula kilikuwa cha nani. Akakitazama kikombe chake, akasema, "Nimekosa, shemeji." Oduori hakugomba, angegomba ingekuwa afadhali. Alisema kwa upole kwamba habari ya chuo tuiache kwanza, mwezi wa tisa upite, tutazame mwakani kama kijana atakuwa amekomaa. Petronilla aliinamia mapacha. Nami nikatoka pale, nikaenda kaunta, nikaifunga kadi.

Mchana huo nilipanda kumtazama Mama. Nilimkuta amekaa kitandani, ametazama dirishani. Tulikuwa tumeshageuka kurudi, na upande ule wa mbali, kwenye mstari wa kijivu wa nchi kavu, alisema ndiko Osieko, alikokuwa akichukua dagaa wa omena wa kuuza Malaba zamani, kabla magoti hayajamkataza. Akaniuliza watu wanakula nini huko chini ukumbini. Nikamwambia. Akaniomba nimweleze vizuri, kitu kimoja kimoja, nyama ilipikwaje, wali ulikuwa wa nazi au wa kawaida, mkate ulikuwa wa moto au baridi. Nikamweleza yote, na alisikiliza kama tulivyokuwa tukimsikiliza yeye utotoni akitusimulia habari za sungura. Nilifurahi kwamba amechangamka. Nikamuuliza kama tumbo linatulia, akasema linatulia. Akaniuliza kama ningeweza kumletea ndizi mbili. Nikamwambia kwamba kanuni ya meli hairuhusu chakula kutolewa ukumbini, imeandikwa mlangoni.

Ndiyo, Omuse. Mimi. Malango ya chuo nimeyavunja kwa mikono hii, na nikatii karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa kioo.

Tukashuka Kisumu asubuhi ya siku ya nne. Mama alishika mkono wa Ekisa kwenye daraja la kushukia na kuegemea kuliko nilivyozoea kumwona akiegemea. Oduori na mkewe walitangulia na gari lao. Sisi watatu tukachukua Probox ya Ejoku, jirani yetu, aliyekuwa amekuja kutupokea. Njia nzima Ejoku aliuliza habari za meli, nani aliona kiboko, nani alitapika, na Ekisa, ambaye kwa kawaida angemdanganya mpaka Malaba, alijibu kwa neno moja moja.

Tulipofika Nambale, gari la Oduori lilikuwa limeingia kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara. Mama akamwomba Ejoku asimame. Akashuka kabla sijafungua mlango wangu, akamwendea mama mmoja mwenye jiko la mahindi ya kuchoma, akachukua mawili bila kuuliza bei, akazunguka nyuma ya kibanda. Ekisa akamkimbilia. Akavua jaketi lake, akalishika kwa mikono miwili, akalitandaza kama pazia upande wa kile kituo cha mafuta. Na Mama akala. Nimemwona Mama akila maisha yangu yote. Hula polepole, huwatazama wengine kwanza kama wametosheka. Siku ile hakumtazama mtu. Alilipukuchua hindi la kwanza kwa meno mpaka gunzi likabaki jeupe. Mwenye jiko akamwambia, "Pole pole mama, hakuna anayekunyang'anya." Mama akacheka mdomo ukiwa umejaa, akanyoosha mkono kwa la pili.

Nilikuwa nimesimama karibu na gari nikiwa na chupa ya maji. Nikatazama jaketi lile lililotandazwa, nikatazama lilikoelekea, na hapo ndipo nilipokumbuka vile vioo.

Nimefika penye jambo ambalo tangu mwanzo wa barua nimekuwa nikilizunguka. Hakukuwa na msichana wa Jinja. Mtu aliyelishwa kwa kadi ya Ekisa alikuwa Mama.

Ekisa alinieleza tulipofika nyumbani, akifua lile jaketi, bila kunitazama. Mama mkwe haoni kinywa cha mkwe wake kikila, wala mkwe haoni chake. Mnalijua hilo, nami nalijua, ingawa nilikuwa nimelihesabu kati ya mambo yaliyokufa. Oduori alikuwa amekumbuka kitanda, akadhani kwa sahani meza ya mbali itatosha. Lakini popote Mama alipogeuka katika ukumbi ule, kioo kilimwonyesha mkwe wake akitafuna. Alimwambia Ekisa kwamba ukuta wote ulikuwa ni mdomo wa Oduori. Chakula cha kuletewa chumbani hakikuwepo. Meli haina huduma hiyo, na Petronilla hakuwa na nafasi ya kuuliza. Mama alikuwa ameazimia kukaa na njaa mpaka nyumbani. Kununua kwa kadi yake mwenyewe alikataa, kwa sababu bili ingemfikia Oduori na jina lake juu yake, na mtu aliyelipia safari nzima angejua kwamba mama mkwe alikuwa analala njaa mikononi mwake. Aibu hiyo hangemtia mwanamume mwema. Basi kijana akanunua kwa kadi yake, na Mama akamwapisha asimwambie mtu. Nilipofunga kadi ile, alimpitishia mkate ndani ya lile jaketi, kipande jioni na kipande asubuhi ya kushuka, kwa sababu mhudumu wa mlangoni alikuwa ameshaanza kumtilia shaka.

Nilimuuliza kwa nini asiniambie, angalau mimi, dada yake. Aliukamua mkono wa jaketi, akasema, "Ningesema nini pale mezani, dada? Shemeji yuko, na wewe umeshika maiki."

Nikaenda kwa Mama nikamuuliza swali lilo hilo. Alikuwa anapepeta mtama. Alinikumbusha siku ya kumbukumbu ya Papa, marehemu baba yetu, niliposimama mbele ya ukoo wote nikasema kwamba mila zinazowafanya watu wazima kukimbiana vichakani zifukiwe pamoja na ukoloni. Alisema alinipigia makofi siku ile, na angenipigia tena, kwa sababu nilizungumza vizuri na mimi ni mwanawe. "Lakini ningekuambia nina njaa kwa sababu ya mkwe," akasema, "ungeniitia mkutano."

Nikaketi, nikamsaidia kuchambua mtama. Angalikuwa mpinzani wangu chuoni, ningalimjibu.

Kwa hiyo nawaandikia, makomredi, si kwa kuomba huruma bali kwa kuomba kazi ifanyike. Chuo kinataka awamu ya kwanza ya karo mwezi wa tisa. Oduori anaamini kijana ni mfujaji, na aliyemwaminisha hivyo ni mimi. Nikimwambia ukweli wote, nimemvua Mama nguo na kumtia mkwe aibu kwa zawadi yake. Nikinyamaza, Ekisa atabaki nyumbani akibeba mizigo ya wavushaji pale mpakani. Ipo njia moja, na Mama ndiye aliyeitaja. Petronilla aliolewa wakati wa korona, watu kumi na tano kanisani, na ile siku ya mkwe kuleta mbuzi, mama mkwe akampikia kwa mkono wake mwenyewe, wazee wakashuhudia, ili kuanzia hapo waweze kula chini ya paa moja, haikufanywa. Tulisema tutaifanya baadaye. Baadaye imekuwa miaka mitano.

Kaka, wewe ndiye mwana wa kwanza; mimi siwezi kwenda kwa Oduori kwa jambo hilo, na hata ningeweza, umeona mwenyewe ninavyokwenda mahali. Njoo. Pitia kwake Busia kwanza, mkae wawili, umwambie tu kwamba siku ile imechelewa na kwamba Mama yuko tayari. Yeye si mjinga. Atakumbuka chumba cha mwisho wa meli, na sahani, na vioo, na sehemu iliyobaki ataimaliza mwenyewe bila mtu kuitamka. Kuhusu kadi, nitamwambia mimi mwenyewe, kwa sentensi moja, nikiwa nimekaa, kwamba nilimshtaki Ekisa kwa kosa ambalo halikuwepo, na kwamba kama mtihani ulikuwa wa kujua kijana atafanya nini na pesa, basi ameupasi. Akiniuliza zaidi, nitamwomba asiniulize.

Mama amekubali kila kitu. Ametoa sharti moja tu, nisihutubu. Nimepangiwa kukata vitunguu.

Msalimieni mtoto, mwambieni shangazi yake ana kofia yake ya meli, niliyoinunua kwa kadi yangu mwenyewe. Shemeji Edinah, Mama anakuomba ile bizari ya Mombasa, kidogo tu. Ekisa anawasalimu, yuko juu ya paa la jirani anatengeneza taa. Petronilla ameshaonywa kwa simu aje bila kuuliza maswali.

Mkutano wetu ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, hapa nyumbani. Ajenda ni moja: Mama na mkwe wake wale.

Wenu katika mapambano,
Ajiko